Jirani wa Upande wa Upepo

Kila mgeni anayefika hotelini kwangu, kabla hata hajauliza neno la siri la waifai, huuliza habari za kitambaa. Kimefungwa kwenye tawi la mkorosho ulio mpakani, juu kabisa, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hawezi kupanda. Ni kipande cha khanga, zamani kilikuwa chekundu, sasa kina rangi ya tofali. Wahudumu wangu wamezoea kuwaambia wageni kwamba ni mila ya Wamakonde. Mpishi husema ni cha kufukuzia ndege. Mwalimu wangu wa yoga huwaambia kipo pale kutukumbusha kupumua. Wote wanadanganya, ila mwalimu amekaribia kidogo.

Kitambaa ni cha jirani. Hiki cha sasa nimekifunga mimi mwenyewe, kwa umri huu na tumbo hili, lakini mahali ni pale pale alipopachagua yeye.

Nilishawahi kumpa msomi mmoja kazi ya kuandika habari za hoteli yangu ili wageni wazikute vyumbani. Akamweka jirani humo akiwa bibi mpole, mwenye hekima, anayetabasamu. Nikamrudishia karatasi zake. Jirani hakuwa mpole, na kutabasamu alitabasamu pale tu mtu mwingine alipokuwa amekosea. Basi nimeandika mwenyewe. Mimi nimeishia darasa la nne kule Chiungutwa, na wenye digrii wanafanya kazi kwangu, kwa hiyo sentensi ikipinda mtanivumilia.

Nilianza maisha na baiskeli isiyo na breki. Nilishuka nayo bondeni kuchota maji, nikapanda nayo huku juu nikiisukuma, madumu yananing'inia kushoto na kulia. Wakati ule maji Newala yalikuwa bidhaa. Kutoka maji nikaingia korosho, nikapuliza dawa mashamba ya watu, nikanunua, nikauza, nikapata lori. Kutoka lori nikajenga nyumba ya wageni Masasi, pale barabarani. Na kutoka hapo nikajenga hii hoteli ya mapumziko ya afya, ukipita Makote, ukingoni mwa uwanda, mahali ambapo asubuhi ukungu hujaa bondeni mpaka unadhani Ruvuma imefurika maziwa. Walinicheka. Walisema nani atakuja Newala kulala kwa bei ya ng'ombe. Wamekuja. Wanatoka Ulaya, wanatoka Dar, wanatoka Afrika Kusini. Wanakuja kunyoosha viungo, kukandwa kwa mafuta, kuoga maji yaliyotiwa majani, na kula chakula kidogo kwenye sahani kubwa. Kabla yangu hakuna aliyethubutu huku kwetu. Sijisifu, nasema kilichopo.

Jirani nilimjua enzi za baiskeli. Siku ya kwanza nilipompelekea maji hakunyoosha mkono kupokea dumu. Alitoa kikombe cha bati, akakijaza kutoka kwenye dumu langu, akanipa mimi.

"Anza wewe."

"Mama, maji haya safi."

"Kama safi, anza wewe."

Nikanywa. Akalitazama koo langu linavyopanda na kushuka, akasubiri kidogo, kama mtu anayengoja kuona nikianguka. Ndipo akapokea. Nilimpelekea maji miaka mingi na kila mara nilikunywa kwanza, mpaka nikawa nafika kwake nimejiandaa na kiu.

"Anza wewe" lilikuwa ndilo neno lake kwa kila kitu kipya. Dawa ya panya, simu ya mkononi, katibu mpya wa kanisa. Yeye wa Anglikana, mimi Mwislamu. Idi alikula kwangu, Krismasi nilikula kwake, na pote pawili palipikwa pilau ile ile. Lakini hata pilau ya mke wangu hakuigusa mpaka mke wangu atie tonge la kwanza kinywani. Mke wangu alikasirika mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili akawa anamfuata yeye kwanza na sahani, anakula mbele yake, wanacheka.

Sasa shamba lake ndilo jambo lenyewe. Lilikuwa kati ya hoteli yangu na ukingo, upande jua linakochomoza. Mikorosho mikubwa ya duara, imeshikana mikono. Mimi nilinunua pande zote zilizobaki, lakini pale ndipo nilipopataka kuliko pote: nichimbe bwawa la kuogelea linaloning'inia juu ya bonde, nijenge nyumba za wageni wazito. Michoro nilishachorewa, nimeitundika ofisini.

"Mama," nilimwambia, "hili shamba niuzie. Nitakujengea nyumba mjini, bomba ndani, umeme ndani."

"Umeona maua yalivyoshika mwaka huu?"

"Nimeyaona. Shamba, Mama."

"Tutaongea korosho zikishaanguka."

Nyie wa mbali mjue kwamba korosho haichumwi. Inaiva, inaanguka yenyewe, unaiokota. Kwa hiyo nikasubiri zianguke. Zilipoanguka alikuwa na msiba wa kanisani. Msimu mwingine zilipoanguka goti lilikuwa linamsumbua. Msimu mwingine alikuwa na kipaimara cha watoto wa mtaa mzima. Hakuwahi kunikatalia hata siku moja. Mimi nimefanya biashara na watu wagumu, nimeshakaa meza moja na wanunuzi wakubwa wa korosho wakanisikiliza, lakini mtu asiyekataa wala kukubali sikuwahi kumkuta. Nilibaki najiuliza anataka nini. Hela? Hapana, bei hakuiuliza. Watoto wa kuwarithisha? Hakujaliwa mtoto, na kwa desturi ya huku shamba lingekwenda kwa binti wa dada yake, muuza vitenge Masasi, ambaye korosho alikuwa anaijua ikiwa kwenye mfuko, imekaangwa. Sasa ni nini?

Naye alikuwa na swali lake kwangu. Hoteli ilipofunguliwa alikuja mpakani, akaegemea uzio, akawatazama wageni wamekaa kwenye jukwaa la mbao, wamefumba macho.

"Baba Shamila, hawa wanalipia nini?"

"Utulivu, Mama."

"Kwao hakuna?"

"Hakuna."

"Nani kawachukulia?"

Akaondoka. Kesho yake akarudi na swali lile lile, kana kwamba jana nilikuwa nimetania. Nilimwambia wanalipia hewa. Akavuta hewa puani, akaiachia. Nilimwambia wanalipia afya. Akamtazama mgeni mmoja anayekimbia kuzunguka bustani, akasema, "Huyu ni mzima. Angekuwa mgonjwa angekuwa hospitali, Ndanda."

Kilichomshangaza kuliko vyote ni wale wanaokuja kufunga. Tuna wageni wanaokaa siku nzima kwa maji ya ndimu na supu ya majani, na hao ndio wanaolipa zaidi. Jirani aliposikia hivyo alikaa chini kabisa, kwenye nyasi.

"Wanalipa ili wasile?"

"Ndiyo, Mama. Wanasafisha tumbo."

"Mwaka wa ile njaa sisi tulisafisha tumbo mpaka likang'aa." Akafikiri. "Na mpishi unampa mshahara siku hizo?"

"Nampa."

"Huyo ndiye mwenye kazi nzuri."

Mpishi mwenyewe nimemtoa Unguja, kapika kwenye mahoteli makubwa ya huko, nilimpokonya mtu. Nilimwalika jirani chakula cha jioni ili aone. Mpishi akajipanga. Akachukua ming'oko, hii hii mizizi yetu ya porini inayochemshwa na kuuzwa stendi, akaikata nyembamba kama karatasi, akaipanga katikati ya sahani nyeusi pana kama ungo, akaichora pembeni kwa rojo la korosho. Jirani alikuja na gauni la kanisani. Akaitazama sahani kutoka kila upande. Akaniambia nianze. Nikaanza. Naye akala vipande vyake, taratibu, akafuta mdomo, akaomba mpishi aitwe.

"Shikamoo Bibi," mpishi akasema, mikono nyuma.

"Marahaba mwanangu. Nimeonja, ni kitamu sana. Sasa kilete."

Mpishi wangu hajawahi kusahau. Siku hizi akiona sahani imependeza mno jikoni huwaambia wenzake, "Haya, hiyo ya kuonja tayari. Kileteni." Siku ile alirudi jikoni akampikia kisamvu cha karanga na ugali wa muhogo, akakaa mezani kwake kumtazama anavyokula. Wakawa marafiki tangu hapo. Jirani alimfundisha kukausha mabibo, yale matunda ya mkorosho, naye akayaweka kwenye mchuzi wa bata, na wageni wakapiga picha.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa msimamo mmoja. Aliwasema wageni wangu kwa kuvaa nguo zinazobana, kisha akanitumia salamu kama zile ndala nyeupe laini za vyumbani zinapatikana. Nikampelekea. Akazivaa kanisani Jumapili. Nikampelekea nyingine, hizo akazihifadhi kwenye sanduku na sabuni ndogo ndogo alizokuwa anapewa na wahudumu. Sabuni hakuzitumia. Alizifungua, akazinusa, akazifunga. Na alikuwa mkali wa pombe kuliko mchungaji wake, huku msimu wa mabibo ukifika akikamua uraka wa kutosha harusi. Nilimuuliza.

"Uraka si pombe," alisema. "Ni juisi iliyochelewa kunywewa."

Juisi hiyo iliwahi kunitia hasara ya heshima. Mwalimu wa yoga aliwakosa wageni watatu wa kufunga, akawatafuta bustani nzima, akawakuta upande wa pili wa uzio wamekaa kwenye mkeka wa jirani, kila mmoja na kibuyu, wanamfundisha jirani wimbo wa kwao. Walikuwa wamesafika kweli kweli.

Huyo mwalimu ni binti wa Moshi, kasomea yoga India, cheti chake nimekipigilia ukutani mwenyewe. Alimpenda jirani na alimwogopa. Alimkaribisha mara nyingi kwenye mazoezi, na siku jirani alipokubali alikuja na mkeka wake wa ukili, akautandika mbele kabisa. Kukunja na kunyoosha hakukumtisha, maana mtu aliyepalilia maisha yake yote ameshainama kuliko mwalimu yeyote. Tatizo lilikuja mwisho, pale watu hulala chali kimya. Mwalimu akasema huu unaitwa mkao wa maiti.

Jirani akainuka akakaa. "Wa nini?"

"Wa maiti, Bibi. Unalala, unaachia mwili wote."

"Baba Shamila," akaniita, maana nilikuwa napita. "Anza wewe."

Mbele ya wageni. Nikalala, mimi mwenye hoteli, na viatu vyangu. Jirani akanitazama nimenyooka, akaona kwa upande wake utaratibu haujakamilika. Akajitandaza kando yangu akaanza kunilia, kilio chenyewe cha msibani, kwa Chimakonde, anataja baiskeli yangu, anataja madumu yangu, anauliza nani sasa atawaletea maji. Mwalimu alitaka kumzuia. Lakini wageni walikuwa wamefumba macho, na mama mmoja mtu mzima kutoka Ulaya akaanza kulia kweli, akalia mpaka akalala usingizi. Alipoamka alimwambia mwalimu hajalia hivyo tangu mumewe afe, na akaongeza siku za kukaa. Kila msimu kuna mgeni anayeandika kuulizia lile somo la kilio. Tunamjibu kwamba mwalimu wake ni mmoja tu na hapangiwi ratiba.

Mimi nilibaki nimelala pale nikisikiliza sifa zangu. Alizitaja vizuri kuliko ninavyozitaja mwenyewe.

Haya. Sasa kitambaa.

Mkorosho unapotoa maua, miezi hii ya baridi, kuna ugonjwa unaitwa ubwiri unga. Unakuja mweupe juu ya maua kama mtu kanyunyiza sembe, na maua yanaungua, na hapo hakuna korosho. Dawa yake ni salfa, unga wa njano, unaopulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni inayonguruma kama pikipiki. Na haupulizwi saa yoyote tu. Unapulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye maua, maana umande ndio unaoushika unga. Jua likishapanda, umande umekauka na unga wako unakwenda na upepo.

Na yoga nayo hufanywa alfajiri. Na wageni huja miezi hii hii ya baridi. Mimi mtoto wa korosho, niliyepuliza mashamba ya nusu ya wilaya hii, nilijenga jukwaa la yoga mita chache kutoka kwenye mikorosho ya mtu na sikuliona hilo mpaka asubuhi moja wageni wangu wamevuta pumzi ndefu na wingu la njano likaja kuwakalia. Walikohoa kama mbuzi. Mikeka myeupe ikawa rangi ya bizari.

Nikaenda kwa jirani nimevimba. "Shikamoo."

"Marahaba. Umevaa shati la nani leo?"

"Mama, wageni wangu wamekula salfa."

"Na mimi nile nini?"

"Puliza mchana."

Nikaona aibu, maana hilo si neno la mtu anayejua korosho.

Kisha akachukua khanga kuukuu, akaichana, akamwita mpulizaji mmoja apande mkorosho wa mpakani, akafunge juu. Akaniambia, "Kila alfajiri kabla hawajawasha mashine nitakitazama. Kikitazama bondeni, napuliza, na watu wako wapumue. Kikitazama kwako, nasubiri kesho."

"Na kikitazama kwangu siku zote?"

"Basi Mungu kakupenda wewe."

Ndivyo tulivyoishi. Kuna misimu kitambaa kilitazama kwangu siku nyingi mfululizo, na yeye akasubiri, na maua ya upande ule yakaungua akiyaona. Hakuniletea maneno. Mwalimu wa yoga alizoea kutoka nje kukiwa bado na giza, akakiangalia kitambaa, na mara nyingi alimkuta jirani naye kasimama ng'ambo kajitanda khanga, anakiangalia. Walipungiana mikono. Mwalimu aliniambia kwamba mazoezi yake mwenyewe aliyafanya pale, katika kule kutazama, na yaliyofuata jukwaani yalikuwa kazi tu.

Msimu mmoja, korosho zimeshaanguka na zimeshauzwa, jirani alifika mapokezi na gauni la kanisani na kikapu. Alitaka chumba. Nikamwambia achukue chochote, bure.

"Wageni wako wanalala bure?"

"Hapana."

"Basi usinifukuze kwa ujanja."

Akatoa hela zake na nikazipokea, maana ningekataa angeondoka. Akakandwa mafuta, akacheka muda wote kwa sababu anatekenyeka, mpaka mkandaji naye akashindwa kazi. Akala, na safari hii hakumwambia mtu aanze. Asubuhi nilimkuta kwenye kibaraza cha chumba chake, ndala nyeupe miguuni, kakaa kwenye kile kiti cha kuegemea.

"Nimejua wanalipia nini," akasema. Akasimama, akakipigapiga kiti. "Kaa. Anza wewe."

Mimi nilivinunua viti vile Dar es Salaam kwa mkono wangu na sikuwahi kukalia hata kimoja. Nikakaa.

"Unaona nini?"

"Bonde."

"Kabla ya bonde."

"Mikorosho yako."

"Basi. Wanalipa kwako, wanatazama kwangu. Nataka kiingilio."

Nikacheka, naye hakucheka. Jua lilikuwa linachomoza nyuma ya matawi, ukungu umekaa chini yake, na kitambaa kile juu ya mti kimelegea. Nilitafuta kwa macho mahali pa bwawa langu la kuogelea, kama lilivyo kwenye mchoro.

"Ukijenga pale," akasema, "watatazama nini? Migongo ya wenzao?"

"Nitajenga kwa chini, Mama. Niuzie tu."

"Tutaongea korosho zikishaanguka."

"Zimeshaanguka."

"Za mwakani."

Za mwakani zilikuwa hazijatoa hata ua alipoanguka yeye. Mguu ulivimba, kifua kikambana, wakampeleka Ndanda, wakamlaza. Kisha maua yakaja, mengi kuliko nilivyowahi kuyaona kwenye shamba lile, na wa kuyapulizia hakuwapo. Binti wa dada yake alikuja kutoka Masasi, akazunguka shamba na viatu vyake vya mjini, akaja ofisini kwangu akaitazama michoro ukutani.

"Kaka, mimi sitaki maneno na mama mkubwa," akaniambia. "Hili shamba ndilo linalomfanya ang'ang'anie huku. Mwaka huu likishindwa, nitamchukua akae kwangu, na wewe nitakuuzia. Anajua. Nimeshamwambia."

"Anasemaje?"

"Anauliza maua yanaendeleaje."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anataka kumtunza mama yake mkubwa mahali penye hospitali karibu. Na mimi katika mpango ule nilikuwa na kazi moja tu, ya kukaa kwenye kiti nisifanye lolote. Sijawahi kupewa biashara rahisi namna ile. Sembe ya ubwiri ilikuwa imeshaanza kuonekana upande wa ukingoni. Baada ya siku chache yote yangekuwa yameungua, na hakuna ambaye angenilaumu, maana maua hayakuwa yangu.

Nimejiuliza sana kwa nini sikukaa. Mke wangu anasema ni kwa sababu ya kile kilio, mtu akishakulilia ukiwa hai una deni naye. Mwalimu anasema ni pumzi. Mimi nadhani ni ubishi. Niliwaza kwamba shamba lile nikilipata hivyo, watu watasema ubwiri ndio ulionunua, wakati mimi kila nilicho nacho nimekinunua mwenyewe.

Wapulizaji wote walikuwa wameshachukuliwa na mashamba makubwa. Basi nikatoa mashine ya zamani stoo, nikaisafisha, nikajifunga kitambaa usoni. Mwalimu akanikuta alfajiri nimesimama chini ya mkorosho wa mpakani, mashine mgongoni. Tukatazama juu pamoja. Kitambaa kilikuwa kinatazama hotelini, kimenyooka kama mkono. Na wageni walikuwa wamejaa vyumba vyote.

"Bosi, hapo ni kesho," akasema.

"Kesho hakuna maua. Wafungie ndani, madirisha yote. Waambie leo wapumue polepole."

Nikawasha mashine. Nakwambia, hakuna kijana wa siku hizi anayepuliza kama mimi. Nilitembea mstari kwa mstari, unga unapanda unakaa juu ya umande, wingu linajipinda na kwenda kwangu, linafunika jukwaa, linafunika bustani, linafunika vibaraza vya vyumba. Mgeni mmoja alikuwa ameshika pazia ananitazama kwenye kioo. Nikampungia mkono.

Sikuoga vizuri. Mpishi alikuwa ameshaandaa uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, nikauchukua, nikashuka Masasi, nikakunja njia ya Ndanda, nikafika muda wa kuona wagonjwa. Jirani alikuwa kitanda cha dirishani. Alikuwa amekonda mpaka khanga ilionekana imetandikwa kitandani bila mtu. Ndala nyeupe zilikuwa chini, zimepangwa sambamba.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Kitambaa kinatazama wapi?"

"Kwangu."

Akafumba macho. "Basi leo hawakupuliza."

"Wamepuliza."

"Nani?"

Nikajishughulisha na chupa ya chai. Nikamiminia uji kwenye kikombe, nikamsogezea. Hakukipokea. Alikuwa anavuta hewa puani, taratibu, kama siku ile nilipomwambia wageni wanalipia hewa. Akanyoosha kidole, akakunjua ukosi wa shati langu, akaona njano.

"Na wageni wako?"

"Wako ndani. Wanakohoa kidogo."

"Upande wa ukingoni umefika?"

"Nimeanzia huko."

"Na ule mkubwa ulioinama?"

"Huo nimeuzunguka wote."

Kisha akajivuta kwenye mto na uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu anayetaka kumaliza jambo. "Baba Shamila," akasema, "ile habari yako ya shamba. Umeisubiri sana. Nimeifikiria hapa, sasa nataka tu—"

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo miaka yote. Hata leo sijui lingekuwa ndiyo au hapana.

"Mama," nikamwambia, "tutaongea korosho zikishaanguka."

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu kati yetu. "Anza wewe," akasema. Nikanywa. Akalitazama koo langu likipanda na kushuka, akasubiri kidogo, kisha akanyoosha mikono yote miwili akapokea uji.